Wazee warudishwe Ruring'u

Jengo la makumbusho la Ruring'u, hapa Nyeri, lianze tena kusikiliza kesi. Hilo ndilo ombi langu, na naliandika nikijua wapo watakaoliona la ajabu. Sisemi makumbusho yafungwe, wala sisemi vitu vya kale vilivyomo vihamishwe. Nasema siku moja au mbili kwa wiki meza iwekwe, viti vipangwe, na ndugu waliokosana kwa sababu ya shamba la marehemu baba yao waketi mbele ya wazee, wanaume kwa wanawake, wasikilizwe mpaka wamalize.

Kwa wasiolijua: ukitoka Nyeri mjini kwa barabara ya Nairobi, mwendo wa kilomita tatu hivi unafika Ruring'u. Hapo ndipo serikali ya kikoloni ilipojenga, mwaka 1924, mahakama ya wenyeji. Si jengo kubwa. Abiria wa matatu za Karatina hupita karibu nalo kila siku bila kugeuza shingo, na vijana wetu wengi wanaijua Ruring'u kwa uwanja wake wa michezo tu. Lakini mambo yaliyoamuliwa pale ndani ndiyo yaliyogusa watu wa kawaida katika heshima zao na matumbo yao: mahari iliyolipwa nusu, mbuzi wa mkopo asiyerudishwa, mpaka uliosogezwa usiku, deni, matusi, ugomvi wa pombe.

Mimi nilikuwa karani wa mahakama. Kazi yangu yote niliifanya katika miji hii inayouzunguka Mlima Kenya, nikibeba mafaili, nikiita majina mlangoni, nikiandika tarehe za kuahirisha. Majirani bado wananiita Karani ingawa nimestaafu. Nikizungumza kuhusu kesi za mashamba, basi, sizungumzi kwa kusimuliwa. Nakumbuka faili moja ya mirathi ambayo ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani kwa sababu jalada lake lilikwisha kuchanika. Kurasa za mwanzo zilipigwa kwa taipureta, za katikati ziliandikwa kwa mkono, za mwisho zilitoka kwenye kompyuta. Aliyeifungua kesi alifariki, mwanawe akashika nafasi yake, na upande wa pili vivyo hivyo. Kila walipokuja walikaa kwenye benchi moja, maana koridoni benchi ni moja, nao hawakusalimiana. Ni watoto wa mtu na ndugu yake. Shamba lenyewe lilikuwa ekari tatu kasoro.

Jambo la namna hiyo lingepelekwa Ruring'u zamani, na lingesikilizwa na watu wanaolijua shamba kwa miguu yao. Lakini sitaki kuipaka mahakama ile mafuta. Haikuwa baraza letu la asili. Serikali ndiyo iliyowateua wazee na kuwalipa mshahara. Sheria ya mabaraza ya wenyeji ya mwaka 1930 iliweka wazi kwamba rufaa ingepanda hadi kwa mkuu wa wilaya, naye alikuwa Mzungu aliyekuwa pia mkusanya kodi. Mawakili hawakuruhusiwa kumtetea mtu pale. Mwanamke alifika kama mke wa fulani au mjane wa fulani, na kwenye kiti cha uamuzi hakukuwa na mwanamke. Aliyekosana na chifu alikuwa na kila sababu ya kuogopa kuitwa. Nyumba ile ilikuwa mkono wa utawala, na anayetaka kuisifu lazima aanzie hapo.

Hata hivyo watu waliitumia, na waliitumia kwa akili. Babu yangu aliwahi kumshtaki jirani yake pale kwa ajili ya kipande cha ardhi kilichoshuka hadi mtoni. Alikuwa amekinunua kwa mbuzi, mbele ya mashahidi, na mpaka ulipandwa itoka, ule mmea wa kama yungiyungi ambao Wagikuyu hupanda mpakani kwa sababu hauogopi ukame na ukiung'oa hubaki mizizi. Jirani aliung'oa. Wazee walisikiliza pande zote, kisha wakafunga safari hadi shambani. Mmoja wao alichuchumaa, akachimbua udongo kwa fimbo yake mpaka akayapata mabaki ya mizizi, mstari mzima, kutoka juu hadi kwenye matete. Maneno yakaishia hapo. Babu alipewa karatasi ya hukumu na risiti ya ada aliyolipa, na karatasi hizo alizitia ndani ya Biblia yake. Baba alinionyesha nikiwa mtoto: zilikuwa za rangi ya chai, na mikunjo yake ilikuwa imeanza kukatika.

Ukaja mwaka 1952, hali ya hatari ikatangazwa tarehe 20 Oktoba, na mambo yote yakageuka. Mahakama hizi zilikuwa zimebadilishwa jina mwaka mmoja kabla, zikaitwa mahakama za Waafrika, lakini jina jipya halikusaidia kitu wakati nusu ya wanaume wa kijiji walikuwa kizuizini au msituni. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alipokamatwa huko Tetu tarehe 21 Oktoba 1956, hakupelekwa mbele ya wazee. Alishtakiwa papa hapa Nyeri, Novemba, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, na akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Wakati huohuo, wapimaji walikuwa wakipita vijijini kuunganisha mashamba chini ya mpango wa Swynnerton wa 1954. Kabila zima lilikuwa likigawiwa ardhi upya huku maelfu ya wenye ardhi wakiwa nyuma ya seng'enge. Kisha mwaka 1957 ikatungwa sheria ya kusimamisha kesi za mashamba katika mahakama za Waafrika ili kazi ya kuunganisha isicheleweshwe.

Naomba msomaji aitazame sheria hiyo kwa makini. Milango ya Ruring'u haikufungwa. Wazee waliendelea kukaa na makarani waliendelea kuandika. Lakini lile jambo moja ambalo watu walilihitaji kuliko yote, kuuliza shamba langu limekwenda wapi, halikuweza tena kupokelewa. Babu alirudi kutoka kizuizini akakuta kipande chake cha mtoni kimeandikwa kwa jina la mtu mwingine, na yeye amepewa kipande kidogo zaidi, juu, penye mawe. Alikuwa na karatasi zake ndani ya Biblia. Hakuwa na pa kuzipeleka. Watu wa umri wangu katika kaunti hii, kutoka Othaya hadi Mathira, wana hadithi ya jinsi hii katika ukoo, na sehemu kubwa ya kesi nilizozibeba mikononi miaka yote ya kazi zilikuwa matawi ya mti uliopandwa wakati ule.

Uhuru ulipofika, Ruring'u palishuhudia siku kubwa. Desemba 1963 wapiganaji waliokuwa bado msituni walitoka, nywele zao zikiwa ndefu, wakakusanyika hapo uwanjani na silaha zao. Miaka minne baadaye, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1967 ilizifuta mahakama za Waafrika nchi nzima na kazi zao zikaenda kwa mahakimu wa serikali. Jengo la 1924 likabaki na historia yake, na baadaye likawekwa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya kama mnara wa kumbukumbu.

Uamuzi huo ulikuwa mwema, na naushukuru. Bila huo, huenda leo tungekuwa na jengo la maduka pale. Historia ya kupigania uhuru inaelezwa humo, pamoja na maisha ya Wagikuyu wa zamani. Nawasihi wazazi wawapeleke watoto wakajifunze jinsi wapiganaji walivyojiundia bunduki msituni: bomba la maji lililokatwa ndilo mtutu, komeo la mlango likawa kifyatulio, na mpira wa gurudumu ukakatwa kuwa nyuzi za kulivuta komeo. Mtoto akishaelewa hilo, hahitaji hotuba ya Siku ya Mashujaa.

Lakini makumbusho peke yake hayatoshi kulibeba jengo hili. Wanafunzi huja kwa basi, huzunguka, huandika daftarini, huondoka. Mwenyeji wa Ruring'u mwenyewe hana shughuli inayomwingiza mle. Na jengo la umma lisilo na shughuli na majirani zake hupoteza watetezi. Siku paa linapovuja hakuna anayepiga kelele.

Tazama majengo mengine ya huku kwetu. Nyumba ya Paxtu, kwenye bustani za hoteli ya Outspan, ilikuwa makazi ya Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, mpaka alipofariki Januari 1941. Baadaye akakaa Jim Corbett, yule mwindaji wa chui wa India, mpaka naye akafariki mwaka 1955. Sasa ni mahali pa kumbukumbu kwa maskauti, nao huja kutoka pembe zote za dunia, huacha skafu zao, huenda kwenye kaburi la mwanzilishi wao katika makaburi ya Mtakatifu Petro. Paxtu ina wenyewe. Murang'a, iliyokuwa ikiitwa Fort Hall, kuna kanisa kuu la Kianglikana ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, kwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau. Mwanzo wake ulikuwa wa kuumiza, kwa maana waliokula kiapo nao walikuwa na maiti zao. Lakini Elimo Njau alichora ukutani maisha ya Yesu Mwafrika, kati ya migomba na milima ya Murang'a, na kila Jumapili wajukuu wa pande zote mbili huketi chini ya picha hizo. Hilo nalo lina wenyewe. Meru, ofisi ya kale ya mkuu wa wilaya, mojawapo ya majengo ya mawe ya kwanza mjini, imekuwa makumbusho tangu 1974, na imesaidiwa kuishi na kukaa kwake katikati ya mji, karibu na watu.

Nairobi nako kuna ile nyumba ya 1913 iliyokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, ambapo watu waliandikisha kuzaliwa, kuoa na kufa. Leo ni jumba la sanaa lenye makusanyo ya Joseph Murumbi; nayo imepata kazi mpya.

Na tusisahau Unguja. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ilikuwa jumba la sherehe za ufalme, ikawa ofisi za Waingereza, ikatumiwa na chama tawala baada ya Mapinduzi, ikawa makumbusho. Kisha ikafungwa kwa sababu ya ubovu, watu wakazoea kuiona imefungwa, na siku ya Krismasi ya 2020 sehemu yake ikaporomoka wakati wa ukarabati na kuua watu wawili. Ilikuwa katika orodha ya urithi wa dunia, pamoja na Mji Mkongwe wote, na kuorodheshwa hakukuzishikilia kuta zake.

Narudi kwa ombi langu. Sheria iko upande wetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inaziagiza mahakama kuendeleza upatanishi na njia za jadi za kusuluhisha migogoro. Kifungu cha 60 kinahimiza jamii zitatue migogoro ya ardhi kupitia juhudi zao za mashinani. Agosti 2020 Jaji Mkuu David Maraga alizindua sera ya mifumo mbadala ya haki, iliyoandaliwa na kamati iliyoongozwa na Jaji Joel Ngugi, na tangu hapo vituo vya aina hiyo vimefunguliwa katika baadhi ya kaunti. Kwa hivyo siombi kitu kigeni. Naomba kituo cha Nyeri kikae mahali panapostahili, badala ya kukodishiwa ofisi juu ya duka la simu.

Najua nitaulizwa kuhusu wanawake, na swali hilo ndilo zito kuliko yote. Mjane mmoja, jirani yangu, nilipomweleza mawazo haya aliniambia, "Karani, mimi wazee walininyima, hakimu ndiye aliyenipa." Alisema kweli. Sheria ya Urithi, iliyopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika 1981, ndiyo iliyompa binti haki ambayo baraza lingemnyima, na wako wazee hadi leo ambao wangeirudisha nyuma wakipewa nafasi. Ndiyo maana nasema wazee wanaume kwa wanawake, nusu kwa nusu, na asiyekubali kuketi karibu na mama mwenye kauli sawa na yake abaki nyumbani kwake. Kifungu hichohicho cha 159 kinakataza njia yoyote ya jadi inayovunja Sheria ya Haki. Mapatano yakifikiwa, yaandikwe, yapelekwe kwa hakimu, ayasome, ayakubali au ayarudishe. Na yeyote anayeona anaonewa abaki na njia yake ya kwenda kortini bila kuombwa ruhusa na mtu.

Nimeulizwa pia kama jengo la kale linaweza kuhimili. Watu ishirini walioketi kwenye viti hawavunji ukuta uliojengwa kupokea umati wa watu wenye hasira. Kinachoua jengo ni maji. Mfereji wa paa ulioziba huharibu zaidi kuliko kikao cha mirathi, na kikao kikiwepo kila wiki kutakuwa na mtu wa kuuona mfereji huo ukiziba. Maonyesho yahifadhiwe katika vyumba vyake, chumba cha kesi kitengwe siku hizo, na wataalamu wa makumbusho waseme ni nini kisiguswe. Mgeni atakayefika siku ya kikao, apewe nafasi ya kuketi nyuma kimya ikiwa wenye kesi wamekubali. Atajifunza zaidi ya alichokuja kusoma kwenye vibao.

Kuna jambo moja ambalo kwangu ni la kwanza kabla ya hata meza na viti. Ukutani, mahali ambapo kila mwenye kesi atapaona, iandikwe historia ya kesi zilizokataliwa. Iandikwe kwa Kiswahili na kwa Kigikuyu kwamba mwaka 1957 watu wa hapa walinyimwa kwa sheria haki ya kuuliza kuhusu mashamba yao. Wajukuu wakija kugombana wajue ugomvi wao ulianzia wapi. Nimeona mara nyingi koridoni: watu wawili wanachukiana kama simba na chui, kumbe wote wawili ni wahanga wa mpimaji mmoja na kamati moja, miaka kabla hawajazaliwa. Hakimu hana nafasi ya kuwaambia hilo. Ana kesi nyingine arobaini asubuhi hiyo.

Sijadai kwamba kila kesi itapatana. Zipo ambazo zina hati bandia, madalali, na pesa kubwa nyuma yake, na hizo ziende Mahakama ya Mazingira na Ardhi bila kuchelewa. Mimi nawazungumzia wale wa ekari tatu kasoro. Hao ndio wengi, na hao ndio wanaouza ng'ombe wa maziwa ili wapate nauli ya kuja kuambiwa faili haijaonekana.

Kikwazo ninachokiogopa ni kimoja: kila ofisi kusema si kazi yake. Jedwali la Nne la Katiba linaweka minara ya kihistoria ya kitaifa mikononi mwa serikali kuu, na makumbusho ya mashinani mikononi mwa kaunti, wakati kesi ni za Idara ya Mahakama. Ruring'u imeangukia katikati ya hao watatu, na katikati ndipo mambo hufia katika nchi hii. Wakae chumba kimoja. Waanze na kikao kimoja kwa wiki, kwa mwaka mmoja, kwa kesi za mirathi ambazo pande zote zimekubali kwa hiari, kisha wahesabu ni ngapi zimeisha.

Nawaomba Makumbusho ya Taifa, Serikali ya Kaunti ya Nyeri na Idara ya Mahakama waitishe mkutano huo, na waufanyie palepale Ruring'u. Nawaomba wawakilishi wa wadi waliulize jambo hili bungeni mwao kabla ya bajeti ijayo. Na kwa wasomaji wa Nyeri, Murang'a, Kirinyaga na Meru walio na karatasi za mahakama za zamani ndani ya masanduku: msizichome, msizitumie kuwashia jiko. Zipigeni picha, mziwekee makumbusho nakala.